Filamu Alizoziacha Hamid

Kiponda, Mji Mkongwe
14 Septemba 2024

Mwanangu Badria,

Assalaam alaykum. Hujambo? Mamaako na kaka yako Wakil hawajambo? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila magoti yananisumbua nikipanda ngazi.

Usistaajabu kupata barua ya karatasi. Nimefanya ukarani bandarini miaka ishirini na tisa, na simu kwangu mimi ni ya kuuliza bei ya samaki tu. Hii nampa Bwana Jaku, dereva wa gari ya sabuni zenu, akija mjini Jumamosi kuteremsha mzigo.

Mwaka umepita tangu mwanangu Hamid atutoke. Wiki hii Ulfat, binti wa jirani, alikuja kuniwashia televisheni ya marehemu, ikatokea orodha ya filamu alizoziweka ili aje azitazame. Kumi na mbili, zote za vyombo vya angani, sayari na mashine zinazosema. Unajua alivyokuwa akizipenda, na unajua mimi nilivyokuwa nikimwambia azime aje ale. Ulfat akaniuliza kama azifute. Nikamwambia aziache.

Nimetazama moja, "Mpishi wa Chombo Namba Nne". Watu wote chomboni wamekufa, imebaki mashine ya kupikia, na kila siku inaandaa sahani sita, inapangusa meza, inangoja. Nimeipenda. Lakini ilipokwisha sikuwa na mtu wa kumwambia kuwa nimeipenda.

Wewe bado unayo akaunti yake kwenye simu. Tutazame pamoja, kila mtu kwake, Ijumaa baada ya alasiri, halafu tuandikiane. Inayofuata chagua wewe.

Mkweo,
Thuwaiba

*

Matemwe
28 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai magoti yamepata nafuu. Huku sote wazima. Kazini tunakata sabuni za mwani na karafuu, harufu inaniganda mikononi hata nikila wali nauona wa karafuu.

Barua yako niliisomea nyuma ya nyumba, mara mbili. Nakushukuru, Mama. Eda ilipokwisha nikarudi kwetu, nilidhani utanisahau kidogo kidogo, na nisingekulaumu. Mimi na Hamid hatukujaaliwa mtoto wa kukufanya unitafute.

Nimechagua "Siku ya Mia Tisa" kwa sababu picha yake ina bahari. Kumbe bahari yenyewe barafu. Mwanamke analinda mtambo wa redio kwenye mwezi wa mbali. Anachokisema kinafika kwao baada ya saa saba, na jibu linachukua saa saba nyingine. Anamuuliza dadaake, "Mtoto amelala?" na jibu linapofika mtoto ameshaamka, amekula, ameshagombana na wenzake. Nilicheka, halafu nikawa sicheki tena.

Hamid angesema hesabu za masafa hazikukaa sawa, na angetusimamishia filamu ili atueleze. Wewe umeionaje?

Mkazamwana wako,
Badria

*

Kiponda
9 Novemba 2024

Mwanangu Badria,

Assalaam alaykum. Barua zako zote nimezipata, na sabuni pia, Mungu akulipe. Mimi sijambo.

Tumeshamaliza sita. Sasa na mimi nina haki ya kusema. Miaka mia tatu mbele, na hakuna mtu hata mmoja anayebisha hodi. Milango inafunguka yenyewe, mtu anaingia tu mpaka chumbani. Chakula chao vidonge. Hawasalimiani, wanaanza moja kwa moja, "Mtambo umeharibika." Na ile ya kupe wakubwa wanaonyonya umeme nimeizima, na wala usinishawishi, hiyo tazama wewe kwa niaba yangu.

Lakini kuna kitu Hamid alikuwa akikiona humu, na mimi sasa nnakiona. Wale watu wako mbali na kila walichokijua, na bado wanaamka, wanafagia, wanatengeneza kilichoharibika. Yeye alikuwa hivyo hivyo hata ugonjwa ulipomzidi. Kitandani pale, na bado anafungua redio za watu kwa bisibisi.

Shoga yangu Bi Mize aliniuliza Ijumaa siku hizi nimejifungia na nani. Nikamwambia niko na mwanangu na mkewe. Ndivyo nnavyoona. Hamid tumebaki naye sisi wawili tu. Mimi mzee, leo nipo kesho sipo. Wewe ndiye wa kukaa naye, Badria. Usije ukamwacha.

Ijumaa ijayo tuanze "Bustani ya Zuhali".

Mkweo,
Thuwaiba

*

Kiponda
15 Februari 2025

Mwanangu Badria,

Assalaam alaykum. Nnakuuliza hali nikijua labda hutonijibu. Miezi mitatu Bwana Jaku anakuja mikono mitupu. Nikimuuliza anasema, "Mzima, Bi Thuwaiba, nimemwacha kazini." Nikikupigia unanisalimia vizuri, halafu kuna mtu anakuita.

"Bustani ya Zuhali" iko pale pale kwako. Kwenye televisheni, chini ya picha yake, kuna mstari mwekundu wa pale ulipoishia, umefika dakika ya arobaini, na haujasogea tangu Novemba. Kwanza niliudhika. Halafu nikaogopa unaumwa unanificha.

Juzi nilitoa nakala za barua zangu. Kila ninayokuandikia nabaki na nakala yake, tabia ya ofisini haijanitoka. Nikaisoma ile ya mwisho kama kwamba imeandikwa na mtu mwingine. "Wewe ndiye wa kukaa naye. Usije ukamwacha." Mtu wa kumwandikia maneno yale mwanamke wa miaka thelathini na moja ana haki gani? Nilikaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa.

Jana Bi Mize akanambia habari aliyoipata kwa jamaa zake wa huko Matemwe. Kuna mwalimu anaitwa Ayoub, mkewe alifariki, ameleta posa kwenu tangu Novemba, na wewe hujasema ndiyo wala hapana. Nikafahamu.

Sasa sikiliza nikwambie jambo ambalo nilipaswa kukwambia zamani. Figo za Hamid zilipokwisha, miezi kumi na moja ulimwogesha, ulimgeuza, ulimpimia maji ya kunywa kwa kikombe kidogo, na yeye akikasirika anakurushia maneno wewe, si mimi. Kaka yako alikuja akakwambia urudi upumzike wiki moja. Nilikuwa jikoni, nilisikia. Ulimjibu, "Akiniita nisipokuwepo itakuwaje?" Mimi sikutoka jikoni kukushukuru. Nilijiambia ni mkewe, ni wajibu wake. Haikuwa wajibu peke yake, Badria. Ulimpenda mwanangu alipokuwa hapendeki, na mimi nikawa na mtu wa kulia naye. Nnakushukuru leo, nimechelewa mno, lakini nnakushukuru.

Maneno yale ya Novemba nayafuta.

Thuwaiba

*

Matemwe
21 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Sikuumwa, na sikukukasirikia hata siku moja.

Posa ililetwa Ijumaa ile ile uliyopanga. Nilikuwa nnatazama "Bustani ya Zuhali", pale wanapopanda mche wa kwanza, mama akaja akaniita, kuna wageni. Niliporudi sikuweza kuendelea. Barua yako ya Novemba nilikuwa nimeshaipata, maneno yake nnayo kichwani. Nikajiona mwizi, nimekaa na filamu za Hamid mkononi na wageni wa mwanamume mwingine wanakunywa chai barazani.

Ayoub anasomesha hesabu sekondari. Si mwingi wa maneno. Nilimwambia mimi kila Ijumaa niko na mamaake Hamid. Akasema, "Mtu aliyekupenda hivyo kwa nini umwache?" Nilitaka kumjibu ndiyo siku ile. Lakini niliona nikisema ndiyo kwake, kwako ni hapana, na wewe huna mtoto mwingine.

Mama, nitasema utakalotaka niseme. Si kwa kukuogopa. Ni kwamba sitaki kuolewa nikiwa nimekupoteza wewe.

Mkazamwana wako, ukipenda bado niwe,
Badria

*

Kiponda
22 Februari 2025

Badria,

Bwana Jaku yuko chini ananingoja, gari inaondoka saa tisa, kwa hivyo salamu utanisamehe.

Mjibu mwalimu. Mwambie ndiyo, kama moyo wako ndiyo. Siku ya ndoa nitakuja, na sitokaa na wageni.

Mamaako,
Thuwaiba

*

Matemwe
19 Aprili 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Umefika salama? Magoti vipi baada ya safari ile? Mimi sijambo, na Ayoub anakusalimia sana.

Watu bado wanaisimulia Ijumaa ile. Wakil aliponijia chumbani kuniuliza idhini, alikukuta umekaa kwenye mkeka pembeni yangu, unanifunga kikuba cha asumini, na shangazi zangu wamekuzunguka. Unajua Wakil, mambo yake ya taratibu. Akakuuliza kwa adabu, "Bi Thuwaiba, wewe leo uko upande gani?" Na wewe hukuinua hata kichwa. "Upande wa bibi harusi. Mimi mamaake wa mjini." Mama yangu akakusogelea akakushika mkono, na shangazi zangu wakaanza kulia wote kwa pamoja, wanja wangu ukaharibika, ukanipaka tena.

Sikuweza kukwambia siku ile, watu wengi. Nilikuwa nnaogopa kuingia kwenye ndoa hii nikitazama nyuma. Wewe ulikaa pale pale nyuma nnapopatazama, ukanisukuma kwa mkono wako mwenyewe. Sijui mwanamke gani mwingine angefanya hivyo. Namshukuru Mungu, nakushukuru wewe, na namshukuru Hamid aliyenipa wewe.

"Bustani ya Zuhali" nimeimaliza jana. Ayoub alikaa kando anasahihisha madaftari, akajifanya hatazami. Baadaye akauliza kwa nini mche ule haukufa.

Zile nne tulizitazama tangu Februari nikiiruka hii, kwa hivyo sasa imebaki moja kwenye orodha. Utaitazama lini?

Mwanao,
Badria

*

Kiponda
3 Mei 2025

Mwanangu Badria,

Assalaam alaykum wewe na Ayoub. Mimi mzima, na nyumba nzima.

Nimeitazama jana, ile ya mwisho, "Jeshi la Mirihi". Nilioga, nikafukiza udi, nikakaa kama ninayengoja mgeni. Nilijua ikisha hakuna tena alichokichagua yeye, na niliiogopa kutwa.

Badria, ni filamu mbovu sijapata kuona. Vyombo vya angani vinaning'inia kwa uzi, na uzi unaonekana. Jemadari wao anakufa, halafu dakika kumi baadaye yuko nyuma ya wenzake anakula. Watu wa Mirihi wamevaa mifuko ya plastiki. Mwanangu, na ufundi wake wote, alikaa akaichagua hii aje aitazame. Nilianza kucheka pale jemadari alipofufuka, nikashindwa kujizuia, mpaka Ulfat akatoka kwao kuja kuuliza kuna nini. Sijacheka hivyo tangu alipokuwa hai. Nikamwita akae, tukairudia kutoka mwanzo.

Kwa hivyo orodha imekwisha, na alhamdulillahi imekwisha kwa kicheko. Sasa nimeanza yangu. Nimeweka filamu tatu, nimezichagua mwenyewe, moja ina mwanamke mzee anayeendesha chombo cha angani na hakuna anayembishia.

Jumamosi ijayo Bwana Jaku ananipa kiti cha mbele. Nitalala kwenu siku mbili. Mwambie mwalimu asilete madaftari.

Mamaako,
Thuwaiba