Landrova Mbili Zisizozimwa

Mwenzangu, natoka sokoni Kea Farm, mbavu sina.

Unalijua landrova la mume wangu Guna, lile la mwaka sitini na mbili la kubebea kabichi. Stata ilikufa tangu sikukuu ya Deepavali. Huliegesha mteremkoni, aliachie liserereke ndipo liwake.

Leo alikuwa aamue kama abadilishane na mzee Foo, mwenye la mwaka sabini na moja. Guna mwenyewe ndiye aliyechagua uwanja wa soko, tambarare kabisa, ili mzee asije akamficha ubovu mteremkoni. Nikamuuliza, na lako? Akasema, "Silizimi."

Tumefika, hakuzima. Mzee Foo naye hakuzima.

Saa nzima. Wanakunywa chai, magari yananguruma, moshi umetufunika.

"Mzee, mbona huzimi?"

"Injini za zamani zinapenda kupumua. Na lako?"

"Nalo linapumua."

Wakasifiana matairi, wakapeana mikono. Wamebadilishana.

Hapo ndipo dada Ponni, muuza chai, alipochoka. "Wateja wangu siwasikii." Akachomoa ufunguo wa gari la kwanza. Akachomoa na wa la pili.

Kimya.

"Mzee, washa."

"Anza wewe."

Hakuwasha mtu. Sasa hivi wanasaidiana kuyasukuma hadi mteremkoni, kila mmoja karudi na mgonjwa wake.

Na Guna kaja kuninong'oneza, jasho linamtoka, kaumia kweli: "Mtu mzima yule. Anathubutuje kunidanganya?"