Maji Yaliyoosha Katani

Dar es Salaam, 8 Julai 2024

Baba, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, masomo yanakwenda.

Kuhusu kidau cha dada Shadya cha kubebea mwani: zitoe mbao za chini zilizooza, mahali pake uweke katani na gundi niliyompa dereva wa basi. Katani peke yake hujikunja. Gundi peke yake ikikauka hupasuka kama kioo. Zikishikana, katani hubeba mzigo na gundi huizuia isisogee. Tandaza matabaka manne, kila moja likikatiza la chini yake. Kwanza osha nyuzi kwa maji ya bomba, uzianike zikauke kabisa.

Mwanao,
Mboni

Pangani, 4 Agosti 2024

Mwanangu Mboni, marahaba. Goti linauma, ila natembea.

Kazi imekwisha. Dada yako alinicheka: "Baba, huo mkeka unaushusha lini majini?" Nikamwambia mkeka huu una nguvu kumzidi mumewe. Bomba halikutoa maji wiki mbili, basi nyuzi nikazizamisha pwani siku tatu, kama marehemu mama yako alivyofanyia makumbi ya nazi kabla ya kusokota kamba. Zikatoka nyeupe, nikazianika. Ijumaa asubuhi Shadya anakwenda nacho shambani kwake kuvuna mwani.

Baba yako,
Uweso

Ujumbe wa simu, 9 Agosti, saa kumi na mbili jioni

Baba, shikamoo. Kama Shadya hajatoka, asitoke. Chumvi huvuta unyevu hata katani ikianikwa, gundi haishiki. Nawapigia wote wawili, hampatikani. Mwanao.

Pangani, 19 Agosti 2024

Mwanangu, natumaini ulirudi salama. Sisi tupo. Shemeji yako bado hali chakula.

Siku zote tatu za matanga hukutamka neno juu ya kidau. Watu wanasema ni mkondo uliomchukua Shadya. Mimi nilikikagua: matabaka ya chini yamebanduka kama maganda ya kitunguu, na katani ya ndani ilikuwa imelowa. Nilikuona ukitia kipande mkobani. Ukishakipima niambie kweli. Ni maji niliyooshea?

Baba yako

Dar es Salaam, 2 Septemba 2024

Baba, shikamoo. Nilifika salama, sijambo.

Nimekipima. Ni chumvi, Baba. Katani iliyooshwa kwa maji ya bomba, kwa gundi ileile, imebeba mara tatu zaidi.

Kuna jambo nililolificha matangani. Barua yako ya tarehe nne Agosti niliipokea Jumanne. Nilikuwa na mitihani, nikaiweka chini ya vitabu. Niliifungua Ijumaa jioni.

Ukinijibu hii, nitaifungua siku hiyohiyo.

Mwanao,
Mboni