Nguva Aliyetabasamu

Baba Neema mpenzi,

U hali gani huko Voi? Hapa Stockholm theluji inayeyuka, lakini masikio yangu bado yanauma kwa baridi.

Jana Neema alinipeleka kwenye maonyesho ya picha zilizochorwa na Waingereza wa zamani, zile za viumbe wa baharini. Nilisimama mbele ya moja nikashindwa kuondoka. Nguva, nusu mwanamke nusu samaki, amemkumbatia baharia kiunoni, anamshusha hadi chini kabisa ya maji huku akitabasamu. Baharia amekwisha kufa.

"Mbona anafurahi na mwenzake amekufa?" nikauliza.

"Hajui, Mama," Neema akajibu. "Anampenda. Anadhani huko kwao naye atapumua."

Mimi nawe tulikubaliana nimshawishi arudi nyumbani, na maneno yote nilikuwa nayo. Kwenye treni ya kurudi Husby, anakoishi, nilimkumbuka yule nguva na sikuyasema. Nilimuuliza habari za wazee anaowatunza kazini, akanisimulia huku akicheka mpaka tukashuka.

Usinikasirikie. Nilitamani ungekuwepo umsikie. Kula vizuri, na Mungu akutunze mpaka nirudi.

Wako,
Mama Neema