Mbili na Kidogo

Nyumba yenye geti la bluu,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, tarehe 9, mchana.

Mpendwa Kaka,

Kwa heshima zote, na bila kutaja majina ya waliohusika, natangaza rasmi kwamba kifuniko cha tangi la mafuta la gari lako, kile kilichopotea siku uliyoondoka kikatugombanisha sote pale uani, kimepatikana. Kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti langu. Uchunguzi umefungwa.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Hujambo? Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko? Shemeji bado anakuficha viatu ili usitoke bila kula? Sisi huku miili ni mizima. Mama anakula, anafagia, ananirekebishia kola ya shati kama zamani. Ila hacheki. Ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia badala ya kukupigia. Kwenye simu ungeniuliza maswali, nami ningejitetea. Unanijua.

Habari ya msiba wa Mama Mkubwa uliipata. Uliambiwa kwamba alifariki Alhamisi, na kwamba Mama hakumwahi dada yake akiwa hai. Yote kweli. Sababu hukuambiwa, kwa kuwa mwenye kuijua ni mimi.

Nianze na gari, tafadhali usiruke.

Yale matairi makubwa uliyolivika kabla ya kuondoka yalilipendeza, sikatai, lakini yalilitia uvivu. Kilima kidogo tu, linahema kama mtu aliyepanda ngazi akasahau alichofuata. Mama aliniuliza siku moja, "Mwanangu, hili linapanda au linajadiliana?" Nikaona aibu kwa niaba yako. Nikaanza kusoma.

Nikagundua dawa iko kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya magurudumu linaloyagawia nguvu. Ndani ya ekseli, mhimili wa magurudumu hayo, kuna gurudumu kubwa la meno linalosukumwa na dogo. Gawanya meno ya kubwa kwa ya dogo, unapata shafti, ule mti wa chuma unaoleta nguvu ya injini, izunguke mara ngapi ili tairi lizunguke mara moja. Hesabu ikipanda, gari linapata nguvu mlimani na kupoteza mbio kwenye lami. Ni kama kuchagua gia ya baiskeli, ila hii ukishaichagua mmefunga ndoa.

Kwa yule muuza vyuma chakavu tunayemwita Profesa, nikapata ekseli mbili. Ya nyuma ilikuwa arobaini na moja kwa tisa, yaani nne na nusu na ushee. Tena ilikuwa na difu ya kujibana. Difu ya kawaida ina tabia mbaya: tairi moja likiteleza linapewa nguvu zote, na lile lililoshika ardhi linabaki kutazama. Hii ya kujibana ina sahani ndani zinazokamatana, kwa hiyo na aliyesimama imara anapata fungu lake. Nilimweleza Mama. Akasema angependa familia yetu nayo iwekewe hiyo.

Sasa, ekseli ya mbele lazima iwe na hesabu ileile ya nyuma. La sivyo, ukiunganisha matairi yote manne, ya mbele yanataka mwendo wake na ya nyuma wake, na aliye katikati, yaani giaboksi ndogo inayogawa nguvu, ndiye anayevunjika. Hili nililijua. Naomba likumbukwe.

Profesa akaapa kwamba zilitoka kwenye gari moja. "Pacha hawa, bosi, nimewatoa mwenyewe tumboni." Ya mbele ilikuwa imefungwa, meno hayaonekani, kwa hiyo ikabidi kuipima kwa kuzungusha. Unashika gurudumu moja lisicheze, unazungusha la pili mara moja, unahesabu shafti imezunguka mara ngapi, halafu unazidisha kwa mbili. Fundi wetu, Bi Spana, alikuwepo, ameegemea mlango, anakula karanga.

Nikapiga alama ya chaki, nikazungusha. Shafti ikaenda mara mbili na kidogo.

"Mbili na kidogo," nikatangaza. "Mara mbili yake, nne na kidogo. Inaingia."

"Zungusha mara kumi," akasema.

"Kwa nini kumi?"

"Mara moja inadanganya. Hicho kidogo chako ni kiasi gani?"

"Bi Spana, mimi huyu nimesoma."

"Haya, msomi." Akaendelea na karanga zake.

Ekseli zikafungwa. Miezi mitatu gari lilikuwa tamu, Kaka. Kwenye tope la soko, matairi ya nyuma peke yake yalinitoa, shauri ya ile difu ya kujibana. Sikuwahi kuhitaji ya mbele. Kwenye lami huruhusiwi kuyaunganisha, na kwenye tope sikuwa na haja. Kosa langu likalala humo, limejifunika vizuri.

Kisha Mama akasema anataka kwenda kwa dada yake.

Unakumbuka walivyonuniana. Cherehani ya bibi, ile ya mkono, Mama aliiazima kwa mwezi mmoja na ikakaa kwetu miaka kumi na moja. Mama Mkubwa alipotuma mtu kuidai, Mama akaona ametukanwa. Miaka minne hawakutembeleana wala kusalimiana. Lakini aliposikia dada yake hatoki tena kitandani ila kusogezwa dirishani, na kwamba masikio yamekwisha kabisa, simu haimfai, akaifuta ile cherehani, akaitia mafuta, akaifunga ndani ya shuka jipya. Akaipakata mwenyewe. Nikamwambia tuiweke nyuma. "Ikae wapi? Hii ndiyo inayokwenda. Mimi naisindikiza tu." Akanikataza pia kumjulisha yeyote. Alitaka kuingia tu mlangoni.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Njia ile ya mlimani unaijua, tope na mwamba, mwamba na tope. Kwenye kona ya mwisho, nyumba ikiwa imeshaonekana, matairi ya nyuma yakaanza kuelea. Nikaunganisha manne kwa madaha, nikamwambia Mama, "Sasa tazama." Kwenye tope likapanda, maana tope linaachia tairi liteleze. Tulipofika juu ya mwamba mkavu, usioachia kitu, usukani ukawa mzito, kitu kikalia chini yetu kama mlango wa chuma, halafu kishindo kimoja. Kimya.

Naomba usome hapa polepole, kwa sababu nami naandika polepole.

Mama akasema, "Nenda juu kwa miguu ukawaambie tupo. Waje watusaidie."

Kutoka pale mpaka mlangoni ni dakika kumi na tano. Magoti ya Mama hayawezi, lakini yangu hayana ubaya wowote. Simu niliiacha nyumbani ikichaji. Nikamwambia, "Nusu saa tu, Mama, nakaribia kuipata." Nikaingia chini ya gari. Nilitaka kufika na gari likiunguruma, si kufika na tope la magotini kuomba msaada. Nikakaa chini humo saa mbili, nikifungua nati ambazo hazikuwa na hatia. Kila nilipochungulia niliona viatu vya Mama vimepangwa pamoja, havisogei.

Jua lilipoanza kushuka akasema, "Basi, twende nyumbani." Tukateremka kinyumenyume kwa breki tu, mpaka njia panda, lori la mchanga likatuvuta. Njiani akaniambia nisimpigie mtu; gari likipona tutarudi, maneno yake atayasema mwenyewe. Hiyo ilikuwa Jumapili. Giaboksi ndogo nyingine ilipatikana Ijumaa.

Baada ya mazishi, binti wa Mama Mkubwa, dada yetu mwalimu, alinivuta jikoni. Akaniuliza kwa upole kwa nini siku ile hatukumalizia. Mama Mkubwa alikuwa dirishani, Kaka. Macho yake yalikuwa mazima. Aliliona gari la paa jekundu likifika kwenye kona, likakaa saa mbili, likarudi kinyumenyume. Alisema, "Amefika mpaka pale, akaghairi." Binti yake akataka kutupigia, naye akamzuia: "Mwache, asilazimishwe." Wote wawili walikataza simu. Ndugu wa damu hasa.

Mama hajui kwamba alionekana. Anafikiri dada yake alifariki bila kujua tulijaribu, na hilo peke yake limemkausha kicheko. Niambie wewe, mkubwa wangu: nimwambie, au nilibebe? Bi Spana, nilipomuuliza, alisema hili si la spana.

Jana nilienda chini ya gari na chaki. Nikazungusha mara kumi. Shafti ilizunguka mara ishirini na nusu. Ingekuwa sawa na ya nyuma, ingekaribia ishirini na tatu. Kazi ya dakika tano.

Cherehani tulimpa mwalimu. Hajui kushona.

Nisalimie Shemeji, na yule mwanao anayejidai hanikumbuki. Bi Spana anakusalimu, Profesa pia, ingawa yeye ananisalimia kutoka upande wa pili wa barabara siku hizi. Mama anasema uvae soksi mbili. Mungu akutunze, na akujalie usifike popote ukiwa umechelewa.

Mdogo wako anayekupenda, na ambaye bado ana funguo zako,

Msomi

Nyongeza: Mazishini tulikwenda kwa teksi, kigari kidogo chenye matairi kama ya toroli. Upande wa pili wa mlima kuna lami mpaka mlangoni. Ina miaka mitatu.