Ukanda wa Farasi Mweupe

Jumatatu, 4 Machi
Ile sauti haijanitoka: mjeledi wa mtoto ukitua mgongoni mwa mtu. Kwa farasi hulia vingine.
Salha, binti wa Meja, ana miaka tisa. Namfundisha kupanda farasi tangu Januari. Leo amempiga Mzee Farajala, saisi wetu mtunza farasi, kwa kuchelewa kumshikia kikuku cha kukanyagia. Nilipomkemea alishangaa kweli.
"Mwalimu, si ulisema? Kwanza mguu, halafu sauti, halafu mjeledi. Nimemwita mara mbili!"
Nilisema. Nilikuwa nazungumzia farasi.

Jumatano, 6 Machi
Meja alikuja, akasimuliwa. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mzee akaiokota, akaipangusa vumbi, naye akacheka. Nilimchukia kwa kicheko kile. Ndiye aliyenifundisha kupanda, nikiwa na umri wa Salha.

Ijumaa, 8 Machi
Kosa ni langu. Yule farasi jike mweupe wa Salha hujaza tumbo pumzi akifungwa tandiko. Lazima umtembeze kidogo, kisha ukaze ukanda mara ya pili. Mzee alikuwa msikitini. Nilifunga mwenyewe. Sikukaza tena. Tandiko likageuka, Salha akavunjika mkono. Hakulia. Nilimfundisha hivyo.
Meja aliuliza nani kafunga. Nikanyamaza. Mzee ndiyo kwanza anaingia getini, kanzu safi. Akanitazama.
"Ni mimi, Afande."
Hakuna aliyejali kwamba ametoka kuswali. Alivua kofia yake ya kufuma, akaiweka juu ya ndoo. Askari wa Meja wakamtia kwenye buti la gari.

Jumapili, 10 Machi
Mke wa Mzee alikuja kwetu Kisugu. Alikaa jikoni na mama, chai ikapoa. Nilijifanya naumwa kichwa.
Kesho askari wanataka maelezo yangu kwa maandishi. Siyo aibu hii. Ni woga mtupu.

Jumanne, 12 Machi
Salha kaja, mkono kwenye plasta. Hapandi. Alimlisha yule jike sukari, akampapasa shingo kwa upole, kama nilivyomfundisha.
"Mwalimu, nilikuona ukifunga. Baba sijamwambia."
Kisha: "Lete maji."
Nikaleta. Hakuniita mara mbili.

Alhamisi, 14 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimefagia zizi peke yangu. Nimewatembeza farasi wote, nimekaza kila ukanda mara mbili. Kofia ya Mzee bado iko juu ya ndoo.
Maelezo nilitia saini Jumatatu. Nimeandika kwamba alifunga yeye.