Mrefu wa Kwenye Kiti

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla ya Jumamosi maana nimekwama kweli kweli. Mimi ni fundi simu, nina kibanda chenye kaunta ya kioo, na Mungu kanijalia kifua kipana na mgongo mrefu, basi nikikaa pale kila mtu anasema huyu ni jitu, ila miguu, shangazi, miguu ilisahaulika, nikisimama ni kama bado nimekaa. Sasa kuna dada mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alileta simu iliyopasuka kioo, tukacheka, kesho yake akarudi na simu nzima, tukapendana, na muda wote huo mimi niko kitini, akija nimekaa, akiondoka nimekaa, akisema twende tukatembee nasema kazi zimenizidi. Kwetu mwanamume husifiwa kifua, sijawahi kuona aibu, lakini yeye aliniambia kwao mwanamume ni miguu, wajomba zake wote huinama mlangoni, basi nikazidi kung'ang'ania kiti. Hata juzi aliponiletea suruali aliyonishonea mwenyewe, niliijaribu alipokwisha kuondoka, na ikanikaa vizuri ajabu, mara ya kwanza maishani navaa suruali bila kuikunja. Sasa Jumamosi anataka nikaonane na mama yake na hao wajomba, nami nampenda kufa, naogopa nikisimama tu nimempoteza, nimefikiria hata kusema nimeteguka mguu ili wanikute nimekaa. Ninunue viatu vya soli nene, au nimwache mapema nijiepushie aibu?

Mrefu wa Kwenye Kiti

Marahaba, Mrefu. Nimecheka mpaka chai ikanipalia, sasa tulia nikuseme kidogo. Umeteguka mguu? Na siku ya harusi utaingia umebebwa, mtu mzima na ndevu zako?

Pole lakini, nakuelewa. Barua zinanifikia kutoka kila upande: hawa wanalilia nyonga, wale wanataka shingo ndefu, wengine wakiona kiuno chembamba wanauliza kama mtoto anaumwa. Dada mmoja alichekwa kwao kwa unene, akaolewa ugenini, leo wakwe wanamtembeza kwa majirani wakajionee. Kila watu na kipimo chao. Kwenu wewe ni jitu, kwao mfupi, na mtu ni yule yule.

Ila barua yako umeiandika hukuisoma. Hiyo suruali, nani alikupima? Maisha yako yote unakunja suruali, halafu fundi cherehani anakushonea moja inayokukaa sawasawa, na wewe unashangaa tu. Huyo alishakuona umesimama, siku gani sijui, labda ukifunga kibanda. Miguu yako anaijua, ameikatia kitambaa, na amenyamaza asikuaibishe. Ndiye huyo unataka kumwacha?

Viatu vya soli nene achana navyo, vitaharibu kipimo cha watu. Kesho funga kibanda mapema, umwambie ukweli, kisha umsindikize kwao kwa miguu hiyo hiyo. Jumamosi vaa suruali yake, na wajomba wakiingia, simama uwasalimie.