Msumari Kwenye Ukuta Wako

Baba Zuhura,

Nimepiga msumari kwenye ukuta wa sebuleni. Nakuambia mwenyewe kabla Zuhura hajaja kaburini kunisemea, maana mwanao huyo hana kifua.

Ndiyo, ukuta ule ule uliomaliza likizo nzima ukiupiga lipu kwa mkono wako, fundi amekaa juu ya ndoo anakutazama. Miaka yote hapa Boko saa yetu inakaa juu ya friji na kalenda inaning'inia kwenye komeo la dirisha, kwa sababu bwana mkubwa hataki tundu. Hata picha yako tuliyoisafisha kwa ajili ya msiba iko juu ya friji, imeegemea saa. Wageni wanashangaa. Sisi wa ndani hatushangai.

Nimetundika ile picha. Ile ya duka la barabara ya Bagamoyo, nakala ya bango la zamani la maonyesho ya sanaa huko Ulaya, ndani ya fremu ya mbao: duara jekundu, mistari myeusi, pembetatu ya manjano, basi. Kila tukipita ulikuwa unauliza, "Picha ya nini hii, Mama Zuhura?" Nikikwambia si ya kitu chochote, unasema, "Si bora utundike kanga, angalau ina maneno." Nami nilikuwa naipenda kimya kimya. Nikiitazama, kichwa kinatulia.

Eda ilipoisha nilitoka kutafuta kitambaa cha pazia. Nikapita duka lile la picha, muuzaji akanikumbuka. "Leo mzee hayupo?" Nikamwambia hayupo. "Basi leo ndo unaichukua," akasema, akacheka. Na mimi nikacheka, Baba Zuhura. Nilicheka kama mke aliyemzidi mumewe ujanja. Nilipokuwa kwenye bajaji, fremu mapajani, ndipo nilipojiona. Ubishi wetu wote ule nimeushinda kwa sababu wewe umekufa. Naona aibu hata kuliandika hili.

Nikaiacha sakafuni siku kadhaa, nimeigeuza isinitazame. Jana Zuhura alipokwenda kazini nikachukua nyundo yako. Pigo la kwanza tu, kipande cha lipu kikadondoka. Nikasimama na nyundo mkononi, nasubiri sauti yako kutoka chumbani: "Nani huyo anaharibu ukuta wangu?" Nilisubiri kweli. Nikagonga tena, kwa nguvu zaidi, ili usikie. Hukusema kitu. Hapo nikalia kilio ambacho siku ya mazishi hakikunitoka.

Picha imekaa upande kidogo, ungenicheka. Nisamehe. Bado naipenda, na hilo ndilo linaloniuma.

Lala salama, mume wangu. Picha yako itabaki juu ya friji, kama ambavyo ungetaka mwenyewe. Msumari ni huo mmoja tu. Ukuta uliobaki ni wako.

Mama Zuhura